Kamera ya koo ianzie Mbagala

Aliyesoma Kiswahili kidato cha tano na cha sita hawezi kuusahau mchoro wa ala za sauti. Kichwa kimepasuliwa katikati kama nazi, pua imetazama kushoto, na mishale imechomoza kila upande: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kimio, koromeo, nyuzi sauti. Mwalimu aliutaka mchoro huo kwa ajili ya fonetiki, na mtihani ukishapita daftari liliishia kufungia karanga. Wachache walijua kwamba walikuwa wamechora pia ramani ya safari inayotetemesha mikono ya watu wazima hospitalini: safari ya mpira wa kupumulia, kutoka kwenye meno hadi katikati ya nyuzi sauti, kwa mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe.

Kwenye daftari njia hiyo ni nyeupe na safi. Kwenye mwili wa mtu aliyegongwa na bodaboda Chamazi, fahamu zimepotea, ulimi umelegea ukaangukia nyuma, mate yamechanganyika na damu, na wali wa mchana unatishia kurudi juu. Tena njia ziko mbili, zimelala pamoja: mbele lipo koo la hewa liendalo mapafuni, nyuma yake upo umio uendao tumboni. Mpira ukiingia mbele, kifua kinapanda na kushuka. Ukiingia nyuma bila mtu kugundua, tumbo linajaa hewa huku ubongo ukikosa oksijeni, na ubongo hauvumilii hali hiyo zaidi ya dakika chache.

Kwa miaka zaidi ya 80 kifaa kikuu cha kuifungua njia hiyo kimekuwa laringoskopu ya kawaida: mpini wenye betri, na ubapa wa chuma uliopinda wenye taa ndogo. Umbo lake linalojulikana zaidi lilibuniwa mwaka 1943 na Robert Macintosh, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa profesa wa usingizi huko Oxford. Mtumiaji husimama kichwani mwa mgonjwa, huingiza ubapa, huinua ulimi, kisha huinama na kuchungulia kama mtu anayetafuta shilingi iliyoangukia chini ya kabati. Anachokiona anakiona peke yake. Mwalimu aliye nyuma yake huuliza, "Unaziona nyuzi?" Mwanafunzi hujibu, "Naziona." Mara nyingi anaziona kweli. Mara nyingine anaona mkunjo wa umio na kuuamini, kwa kuwa mwenye hofu huona anachokitamani.

Laringoskopu ya video imeuvunja upweke huo. Kamera ndogo kuliko punje ya hindi imepachikwa karibu na ncha ya ubapa, na picha yake inatokea kwenye skrini. Anayeingiza mpira anaona, muuguzi anayemsaidia anaona, mwalimu anaona, hata aliyeshika mrija wa kufyonza anajua damu imejikusanya upande gani. Hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya. Kifaa hiki kimezoeleka kufikiriwa kama kitu cha hospitali kubwa, cha madaktari bingwa na wagonjwa wenye bima nzuri. Ingefaa kifikiriwe kama ubao wa kufundishia, ambao thamani yake huongezeka kadiri unavyoteremshwa kuelekea mahali penye mtu mmoja wa zamu, kijana, usiku, na bingwa yuko mbali. Kwa Dar es Salaam, hesabu hiyo inaelekeza Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju kabla ya Upanga, penye hospitali ya taifa.

Inachekesha kidogo kwamba mtu aliyefungua mlango wa haya yote hakuwa daktari. Manuel García alikuwa Mhispania, mwalimu wa uimbaji, aliyetaka kujua sauti ya mwanafunzi wake inatengenezwaje. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya kinywa chake mwenyewe, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi sauti zake zikicheza. Mwaka uliofuata taarifa yake iliwasilishwa kwenye Jumuiya ya Kifalme ya sayansi mjini London. Mji uliolea vikundi vya taarabu vya Temeke ungemwelewa bila shida: kabla koo halijawa suala la tiba lilikuwa suala la wimbo. García aliishi hadi miaka 101. Wazo lake la kuona kona kwa msaada wa kifaa lilirudi kwa nguvu mwaka 2001, pale daktari mpasuaji wa Kanada, John Pacey, alipotoa GlideScope, laringoskopu ya video iliyoenea haraka katika vyumba vya upasuaji vya nchi tajiri.

Mabingwa walibishana kwa muda mrefu kama kamera inaongeza chochote au ni mbwembwe za wauzaji. Ubishi umepungua. Mwaka 2022 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya tafiti 222 zenye washiriki zaidi ya 26,000, ukaona kwamba laringoskopu ya video hupunguza kushindwa kuingiza mpira na huongeza uwezekano wa kufaulu jaribio la kwanza. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani katika idara 17 za dharura na za wagonjwa mahututi, kwa watu wazima 1,417. Waliotumia video walifaulu mara ya kwanza kwa asilimia 85. Waliotumia chuma cha kawaida, asilimia 71. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake.

Lililo muhimu zaidi kwa msomaji wa Temeke limejificha ndani ya jaribio hilohilo. Walioshika vifaa, karibu wote, walikuwa madaktari wanaosomea ubingwa, na faida ya kamera ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliowahi kuingiza mipira michache tu. Fundi mkongwe aliongezewa kidogo. Mgeni wa kazi aliongezewa sana. Lakini tazama vifaa vipya vinavyogawiwa kwetu. Kipya huanzia juu, kwa aliyebobea, kisha baada ya miaka kikishachakaa huteremka ngazi moja, na ngazi nyingine. Utaratibu huo unafaa kwa magari ya ofisi, ingawa hata hapo una wanaonung'unika. Kwa kamera ya koo unampa kifaa yule anayekihitaji kidogo kuliko wote.

Kamera, hata hivyo, haiingizi mpira. Wanaoanza kuitumia hukutana na kiroja ambacho laringoskopu ya zamani haikuwa nacho sana: nyuzi sauti zinaonekana waziwazi, nyeupe, zimeachana kama mapazia ya mlangoni, na bado mpira haufiki. Unagonga hapa, unateleza kule. Sababu yake ni ya kijiometri. Kwa chuma cha Macintosh mtumiaji alilazimika kunyoosha mstari kutoka jichoni mwake hadi kooni. Akishaona, mpira hupita palepale jicho lilipopita. Ubapa wa video uliopinda sana hauhitaji mstari huo. Unachungulia kona, mfano wa dereva anayetazama nyuma kwa kioo cha pembeni. Jicho limekata kona, na mpira nao sharti uikate.

Ndiyo maana mpira hauingizwi mtupu. Ndani yake huwekwa stileti, waya mgumu uliokunjwa kwa pinda ileile ya ubapa, kwa kawaida digrii 60 hadi 70. Hospitali iliyonunua kamera bila stileti inayolingana nayo imenunua runinga. Kisha macho hufuata mpangilio ambao wakufunzi huukariri kama kibwagizo: kinywani, skrini, kinywani, skrini. Mtumiaji anatazama kinywani wakati anaingiza ubapa katikati ya ulimi. Anahamia kwenye skrini kulitafuta koromeo. Anarudi kinywani anapoanza kuingiza mpira. Na anarudi kwenye skrini pale tu ncha ya mpira inapojitokeza pichani. Hatua ya tatu ndiyo watu huiruka. Skrini huvuta macho kama mechi kwenye kibanda umiza. Mkono unausukuma mpira gizani, na katika nchi mbalimbali wameripotiwa wagonjwa waliotobolewa kaakaa laini au nyama za pembeni ya koo na mtu aliyekuwa akifurahia picha nzuri.

Kosa jingine ni tamaa ya hiyo picha yenyewe. Mgeni wa kazi husogeza ubapa mbele mpaka nyuzi sauti zijae skrini nzima, akidhani amefanya vizuri. Akifika hapo amejifungia mlango, kwa sababu koromeo limeinuliwa na kuelekea juu, na nafasi ya mpira kugeuka imekwisha. Wakufunzi hufundisha jambo linalokwenda kinyume na hisia: rudisha ubapa nyuma kidogo, ridhika na nusu ya picha, acha koromeo likae nusu ya juu ya skrini. Picha ikiharibika kidogo, njia hupatikana.

Halafu inakuja sekunde ya kuchomoa waya. Ncha ya mpira inapopita tu kati ya nyuzi sauti, msaidizi anaivuta stileti taratibu, na anayeingiza anausukuma mpira huku akiuzungusha kidogo kuelekea kulia, kwa kuwa pinda lililousaidia kupanda sasa linauelekeza kugonga ukuta wa mbele wa koo la hewa. Akisubiri waya utoke mwishoni, anaweza kuchubua. Ukitolewa mapema mno, mpira unalegea na kurudi nyuma kwenye umio. Hakuna kitabu kinachoweza kufundisha sekunde hiyo vizuri kama watu wawili wanaotazama skrini moja, mmoja akisema, "Sasa, vuta."

Kuna pia mambo madogo ambayo hayaonekani kwenye vipeperushi vya wauzaji. Kioo cha kamera hupata ukungu kikikutana na pumzi ya joto, kwa hiyo kifaa huwashwa mapema kidogo kipate joto, au huwekwa dawa ya kuzuia ukungu. Damu na matapishi ni adui mkubwa zaidi: tone moja kwenye kioo na skrini inakuwa nyekundu tupu. Kwa majeruhi wa uso, mrija mnene wa kufyonza hutangulia, ubapa unafuata nyuma yake. Jua nalo lina ubishi wake, na anayejaribu kuitazama skrini nje, mlangoni mwa gari la wagonjwa saa saba mchana, ataona uso wake mwenyewe.

Kabla ya yote hayo lipo zoezi lisilohitaji teknolojia. Mgonjwa hupewa oksijeni ya kutosha kwa dakika tatu hivi kabla ya dawa ya usingizi. Kichwa huinuliwa kwa shuka zilizokunjwa mpaka tundu la sikio lilingane na kifua. Aliyeumia shingo hufunguliwa sehemu ya mbele ya kola yake huku mtu akimshikilia kichwa kisicheze, na hapo kamera husaidia kweli, kwa sababu haidai shingo ipindwe sana. Na mpango wa pili hutamkwa kwa sauti mapema: tukishindwa, tutampumulisha kwa ambu, ule mfuko wa kuminya kwa mkono, ikishindikana, tutaweka maski ya koromeo, ile iliyobuniwa na Mwingereza Archie Brain mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikishindikana hiyo, tutapasua njia shingoni. Kila jaribio linaloshindwa huvimbisha koo na kufanya linalofuata kuwa gumu zaidi. Utafiti uliofuatilia wagonjwa mahututi 2,964 katika nchi 29, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta asilimia 45 walipatwa na tatizo kubwa wakati wa kuwekewa mpira au muda mfupi baadaye: presha kuporomoka, oksijeni kushuka vibaya, hata moyo kusimama.

Wapo wagonjwa ambao jaribio la kwanza ndilo pekee. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, Morogoro, likalipuka watu wakichota petroli. Waliokufa walizidi 100, na makumi ya majeruhi waliletwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Aliyevuta moshi na moto huweza kuonekana anazungumza vizuri saa ya kwanza, sauti imekwaruza kidogo tu. Ndani, koo linavimba. Saa chache baadaye hakuna mpira unaopita, hata wa mtoto. Uamuzi wa kumwekea mpira mapema ni wa hospitali ya kwanza kumpokea, na hospitali ya kwanza ni nadra kuwa ya taifa.

Hapo jiografia ya Dar es Salaam inaingia moja kwa moja kooni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Temeke peke yake ilikuwa na 1,346,674, zaidi ya theluthi mbili ya watu wote wa Zanzibar, na Kinondoni ilikuwa na 982,328. Idara ya magonjwa ya dharura ya Muhimbili, ya kwanza nchini kuwa na hadhi kamili, ilifunguliwa Januari 2010, na mafunzo ya ubingwa wa fani hiyo yakaanza mwaka huohuo chini ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Ni mafanikio makubwa, yanayostahili sifa kuliko yanavyopata. Lakini majeruhi wa Mbagala Rangi Tatu yuko mwisho mwingine wa Barabara ya Kilwa, na wa Bunju ana Barabara ya Bagamoyo yote mbele yake, foleni za Tegeta na Mwenge zikiwa katikati. Wengi huanzia kituo cha afya, hospitali ya wilaya, au hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala. Anayepewa rufaa akiwa hajawekewa mpira anaweza kuzibwa njiani. Aliyewekewa vibaya yuko hatarini zaidi, kwa sababu kila mtu ndani ya gari anaamini kazi imekwisha. Hata mpira uliowekwa vizuri, ukifungwa kwa plasta iliyolowa jasho, matuta machache yanatosha kuuhamisha.

Kundi jingine ni wajawazito. Upasuaji mwingi wa uzazi hufanyika kwa ganzi ya mgongo, na ni bora iwe hivyo. Lakini ganzi hukataa, damu humwagika, kifafa cha mimba huja, na mama analazimika kupewa usingizi kamili. Koo la mjamzito limevimba kuliko kawaida, akiba yake ya oksijeni huisha haraka, na tumbo lake ni jepesi kurudisha chakula. Katika tafiti za nchi mbalimbali, kushindwa kumwekea mpira hutokea takriban mara 1 katika kila usingizi kamili 390 wa uzazi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2016 kuhusu nchi za kipato cha chini na cha kati yaliona kwamba matatizo ya usingizi na ganzi yalihusika na asilimia 13.8 ya vifo vya akina mama baada ya upasuaji wa uzazi. Tanzania imepandisha hadhi mamia ya vituo vya afya ili viweze kupasua. Anayetoa usingizi katika vituo hivyo mara nyingi ni muuguzi aliyesomea kazi hiyo, na mara nyingi yuko peke yake. Huyo ndiye mtu wa kamera. Kenya hospitali ya Kijabe imejenga jina kwa kufundisha wauguzi wa usingizi wanaokwenda kufanya kazi mbali na miji mikubwa. Wazo kwamba ujuzi huu ni wa madaktari peke yao lilishapitwa na wakati pande zote mbili za mpaka.

Wapinzani wa kamera wana hoja ya kusikilizwa. Wanasema kijana akizoea skrini atausahau mkono wa zamani, na siku betri ikifa mgonjwa naye atakufa. Hofu hiyo ni ya kweli kwa ubapa uliopinda sana, ambao hautazamiki kwa jicho tupu. Ipo aina nyingine: ubapa wenye umbo lilelile la Macintosh, wenye kamera. Mwanafunzi anainama na kuchungulia kwa jicho lake kama zamani, huku mwalimu akitazama skrini na kumwambia ainue zaidi au arudi kushoto. Umeme ukikatika, kifaa chenye betri ya kuchaji kinaendelea. Betri ikiisha, chuma cha kawaida kiko kwenye toroli. Kwa hospitali ya kufundishia watu wa kawaida, aina hii ndiyo ya kununua kwanza, na ile ya kona kali iwe ya wagonjwa wagumu.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi, na hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo wauzaji hawatalipenda. Hospitali ambayo haina oksijeni ya uhakika, mashine ya kufyonza inayofyonza kweli, na kapnografia, isinunue kamera. Kapnografia ni kile kipimo kinachoonesha kwa mawimbi hewa ya kaboni dayoksaidi ikitoka kwenye mpira kila mgonjwa anaposhusha pumzi. Mpira ulio kwenye umio hautoi mawimbi hayo yakaendelea. Kusikiliza kifua kwa stetoskopu hudanganya, mvuke ndani ya mpira hudanganya, hata macho hudanganya. Uingereza, nchi yenye kipimo hicho karibu kila chumba cha upasuaji, mwaka 2020 mwanamke aliyekwenda kufanyiwa operesheni ya appendiksi alikufa baada ya mpira kuwekwa kwenye umio bila kutambuliwa. Mwongozo wa kimataifa uliotoka mwaka 2022 ukaagiza mambo mawili yaende pamoja: video itumike kila inapowezekana, na mpira usiaminiwe mpaka mawimbi ya kaboni dayoksaidi yaonekane pumzi baada ya pumzi. Skrini ya koo inamwonesha mtu mpira ulipoingilia. Kapnografia inamwambia kama bado upo hapo, hata ndani ya gari linaloruka matuta ya Mtoni.

Kwa hospitali iliyokwisha kuwa na hayo, kamera haipaswi tena kuitwa anasa. Zenye majina makubwa bado huuzwa kwa maelfu ya dola, lakini zimeingia sokoni za dola mia kadhaa. Nepal, katika hospitali ya misheni ya Tansen, wamekwenda mbali zaidi: walibuni ubapa wa kuchapwa kwa printa ya 3D, wakaupachika kamera ndogo ya waya, ya aina ambayo mafundi magari huitumia kuchungulia ndani ya injini, na picha ikatokea kwenye simu. Dar es Salaam haikosi watu wa kujaribu jambo kama hilo. Kijitonyama, ndani ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ipo Buni Hub, kituo cha wabunifu. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inafundisha uhandisi wa vifaa tiba. Kifaa cha namna hiyo sharti kipite kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla hakijagusa kinywa cha mgonjwa, na kipite kweli, kwa sababu plastiki inayovunjikia kooni ni balaa juu ya balaa. Usafishaji nao uamuliwe siku ya kununua. Ubapa wa plastiki wa kutumika mara moja ni mzuri mahali ambapo boksi jipya hufika kila wiki. Pale ambapo halifiki, utaoshwa na kurudiwa, kila mtu anajua, na ni heri kununua wa chuma unaoruhusiwa kutakaswa.

Mlango wa kununulia uko jirani kabisa. Makao makuu ya Bohari ya Dawa yako Keko, Temeke, na malori yake hupita barabara zilezile ambazo magari ya wagonjwa hupita. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3, uliochukuliwa mwaka 2021 kwa ajili ya UVIKO-19, ulijenga pia majengo ya dharura na ya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi. Janga lenyewe lilikuwa limeshafundisha sababu nyingine ya kutaka kamera: anayetazama skrini hukaa mbali kidogo na mdomo wa mgonjwa, na kifua kikuu hakijahama jijini. Majengo yapo. Hospitali za rufaa za mkoa ziko chini ya Wizara ya Afya, za wilaya na vituo vya afya viko chini ya TAMISEMI, na ni rahisi kamera kupotelea kwenye ufa kati ya wizara hizo mbili. Ingekuwa vyema orodha ya manunuzi iandikwe kama kifurushi kimoja kisichogawanyika: kamera, stileti zake, kapnografia, na siku kadhaa za mafunzo kwa wale walio zamu ya usiku, si kwa mganga mkuu na katibu wake.

Faida ya mwisho ya skrini huja asubuhi. Vifaa vingi vya aina hii hurekodi. Picha ya ndani ya koo haina sura wala jina, na ikihifadhiwa kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweza kuoneshwa kwenye kikao cha saa mbili, chai ikiwa bado moto. Mkufunzi anasimamisha picha pale ubapa ulipokwenda ndani mno, anauliza nani ameona. Katika kikao cha namna hiyo leo, aliyekuwa zamu husimama, hutazama sakafu, na kusema tu, "Ilikuwa ngumu," na wengine huitikia kwa kichwa kwa kuwa hakuna aliyeona.